Ampli ya Benny

Ijumaa, 14 Septemba 2012

Daftari hili si langu, ni la Benny. Kurasa kumi na tisa za mbele ameandika yeye mambo ya gitaa lake, ampli yake na pedali zake, vile visanduku vya kukanyaga kwa mguu. Zilizobaki nazianza mimi leo, kwa sababu mvua zimeingia, wateja hawaji, na nikikaa bila kazi nafikiri mabaya. Mimi ni Kakule, fundi wa redio na ampli hapa Birere, mjini Goma, miaka ishirini na tatu, kwanza juu ya udongo, halafu, tangu volkano ya 2002, juu ya lava. Benny ni mtoto wetu wa pekee. Aliondoka kwenda Rutshuru tarehe sita mwezi wa saba. Tarehe nane vita vikafika Rutshuru. Hajarudi.

Hajarudi, hivyo ndivyo ninavyoandika. Mke wangu Thérèse na dada yangu Katungu wana neno lao jingine, lakini humu ndani naandika mimi.

Jumapili, 16 Septemba

Baada ya misa nimeifungua ampli tena. Ni ya Kiingereza, ya lampes, zile taa za kioo za zamani zinazowaka nyekundu zikipata moto. Uzito wake ni wa gunia la makala, makaa ya kupikia. Benny aliinunua kwa padri mzee aliyekuwa anarudi kwao, akaileta kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, kutoka Himbi, vijana wanne wanasukuma kwenye mawe. Nilimwambia ameniletea jeneza dukani. Leo natamani ningelimeza neno lile.

Maisha yangu yote nimekula kwa kuondoa mikwaruzo kwenye sauti. Ampli ya kanisa ikikwaruza, naitwa mimi, na Jumapili inayofuata Neno linasikika mpaka kwa wauza ndizi. Halafu Mungu akanipa mtoto anayeitaka mikwaruzo, tena mingi, tena mizito, na anaiita metal, muziki wa magitaa ya kizungu. Tulibishana miaka minne. Yeye alikuwa anacheka tu, na hiyo ndiyo iliyonikasirisha zaidi.

Tangu aondoke nimeitengeneza yote. Kapasita mpya, waya mpya, lehemu zote nimezirudia. Nataka aikute imepona. Nimewaambia Thérèse na Katungu hivi: kitu cha mteja hakitoki kwangu kabla hakijapona, na matanga hayatafanyika katika nyumba hii kabla ampli haijatoa sauti ileile aliyoiacha nayo. Thérèse aliendelea kuchekecha unga wake wa muhogo. Siku hizi mwanamke huyu ana moyo wa jiwe.

Jumamosi, 22 Septemba

Florent amekuja. Ni rafiki wa Benny, mtu wa milima ya Masisi, alikuwa akimpigia besi. Kwao wamekimbia vita, sasa yeye na mama yake wanalala chini ya turubai kule kambini, juu ya Munigi, na kila Jumamosi anateremka kwa miguu. Kwenye simu yake ana sekunde arobaini za Benny akipiga gitaa hapa dukani. Nimezisikiliza mara nyingi hata napajua mahali anapokohoa.

Nikampa lile gitaa la kwanza la Benny, maana zuri aliondoka nalo. Nikachomeka ampli kwenye régulateur yangu, kile kisanduku kinachopandisha umeme mdogo wa mji mpaka volti 220 kamili. Bila hicho hakuna kifaa kinachoishi miaka miwili Goma. Florent akapiga. Akaacha. Akapiga tena.

"Papa, iko muzuri," akasema. "Lakini haiko ya Benny."

"Haiko yake namna gani? Iko safi!"

"Njo ile shida. Iko safi sana. Ya Benny ilikuwa inachoka kidogo mbele ya kulia."

Nikamwambia kuchoka kabla ya kulia si kipimo cha umeme. Baada ya yeye kuondoka nikasikiliza simu, nikasikiliza ampli, na mtu wa Masisi alikuwa amesema kweli. Zile sekunde arobaini zina kitu kama pumzi. Yangu haina.

Jumatatu, 1 Oktoba

Mvua. Hakuna mteja.

Jumamosi, 6 Oktoba

Leo nimesoma kurasa za Benny kwa mara ya kwanza kama mtu anayetaka kujifunza. Zamani nilikuwa nazipekua nikitafuta makosa ya kumwonyesha.

Anaandika kwamba wazungu wa kwanza wa metal hawakuwa na pedali nyingi. Walichukua ampli ya lampes, wakaifungulia yote, mbele yake wakaweka kisanduku kimoja kidogo. Kisanduku hicho hakitengenezi sauti, kinaisukuma ampli tu, kinaipa zaidi ya inavyoweza kubeba. Mmoja wao alikatwa ncha za vidole kiwandani, akalegeza nyuzi zisimuumize, na sauti ikashuka ikawa nzito. Wengine waliokuja baadaye walitumia pedali ya kijani, wakaziba mikwaruzo yake na kufungulia nguvu yake, ili ampli yenyewe ndiyo ilie. Chini ya hapo Benny amepigia mstari mara mbili: "Lampes zikichoka njo zinaimba," yaani zikichoka ndipo zinaimba.

Pembeni ameandika tarehe na namba, na kando yake bien, yaani vizuri, au mbaya. 165, bien. 170, bien. 210, mbaya. 160, bien sana. Nadhani ni mwendo wa nyimbo zake. Florent naye hajui.

Jumapili, 14 Oktoba

Katungu amelianzisha tena, mbele ya sahani. Alifika kutoka Butembo mwezi wa nane kwa ajili ya matanga, kwa njia ya kuzunguka, na sasa anakaa hapa akinisubiri kama mtu anayesubiri gari bovu.

"Kakule, mutoto hawezi kukaa inje na mvua hii yote. Tukate mugomba, tuuvalishe shati yake, tumuzike sawa vile batu banazikwa. Mwili kama haupatikane, mugomba unashika nafasi yake. Baba yetu alifanyia vile mudogo wake, unajua."

"Unazika mugomba, halafu mwenyewe anarudi. Utamuambia nini?"

"Nitamuambia karibu, na nitamupikia kuku. Weye utamuambia nini kama harudi?"

Nikaondoka mezani. Nikageuka mlangoni nikitegemea Thérèse atasema neno, walau kwa heshima ya mimi mumewe. Alikuwa anakusanya sahani.

Jumamosi, 20 Oktoba

Nimepata sehemu ya kwanza. Lakini ili niiandike lazima niandike na lingine ambalo sijamwambia mtu.

Kisanduku cha Benny cha kuisukuma ampli alikiunda mwenyewe ndani ya kopo la sardini. Kina transista moja tu, ya zamani, ya germanium, aliyoitoa kwenye redio niliyoitupa. Ilikuwa inavuma. Mvumo ule ulinitoa roho. Jumanne tarehe tatu mwezi wa saba nilikichukua bila kumwuliza, nikakifungua, nikaing'oa transista ile, nikaweka mpya isiyovuma. Benny alikuwa asafiri kesho yake, Jumatano, kwenda kufundisha gitaa vijana wa kwaya siku mbili kisha arudi. Asubuhi akakikuta kiko wazi juu ya meza. Nikamwambia asubiri, kazi nzuri haiharakishwi. Akasubiri Jumatano. Akasubiri Alhamisi. Ijumaa akaondoka bila kisanduku, nami bado nipo na lehemu mkononi.

Angeondoka Jumatano, Ijumaa angekuwa amerudi nyumbani. Hesabu hiyo naifanya kila asubuhi kabla sijavaa viatu.

Ile transista kuukuu niliikuta leo kwenye kopo la misumari. Nimeirudisha. Florent akapiga, akafumba macho. "Imekaribia, Papa," akasema. "Imekaribia sana. Lakini bado haichoke."

Ijumaa, 2 Novemba

Misa ya marehemu. Thérèse alitaka jina la Benny lisomwe pamoja na mengine. Nikakataa. Akaenda peke yake chini ya mvua, na sijui kama lilisomwa.

Jumamosi, 10 Novemba

Nimebadilisha lampes zote kwa zile za akiba. Sauti imekuwa kubwa zaidi na mbaya zaidi. Nimerudisha za kwanza.

Alhamisi, 15 Novemba

Mabomu upande wa Kibumba tangu asubuhi. Ukuta wa mbao unatetemeka na lampes zinagongana kama glasi za arusi. Watu wanasema waasi hawatafika mjini. Mwaka 1996 walisema hivyohivyo.

Jumapili, 18 Novemba

Kambi yote ya juu ya Munigi imeshuka. Nilisimama barabarani nikatazama magodoro, mbuzi, wazee juu ya chukudu, wote wakielekea Mugunga, na mvua ikiwapiga. Florent alipita na mama yake mgongoni, mgongoni kabisa, kama mtoto. Aliniona akasema, "Papa, uifiche ampli." Basi, hilo tu. Nami mjinga nikajibu kwamba nitaifunika.

Jumatano, 21 Novemba

Naandika mchana, mlango umefungwa. Waasi wameingia mjini jana. Umeme umekatika tangu Jumatatu, maji pia.

Jumatatu risasi zilianzia upande wa uwanja wa ndege. Tulilala chini chumbani, mimi, Thérèse na Katungu, tumejiegemeza kwenye ukuta wa mawe ambao ndio peke yake wa nyumba hii usiopenywa na risasi. Katungu alikuwa anasali kwa Kinande. Bomu moja likaanguka karibu, vumbi likatushukia, na nilipofungua macho Thérèse alikuwa ananitazama kwa namna ambayo sijaiona tangu Julai.

"Papa Benny," akasema, "Sibomana alimuona."

"Sibomana nani?"

"Ule chauffeur wa gari ya Rutshuru. Alimuona kando ya barabara, mbele ya kufika ku daraja. Alimujua ku bottines zake. Hakusimama, askari balikuwa banamuangalia."

"Aliona nini? Alikuwa amekaa?"

"Alikuwa amelala, Papa Benny. Na inzi."

Risasi ziliendelea na mimi sikuzisikia. Nikauliza alimwambia lini.

"Mwezi wa munane."

"Mwezi wa munane! Na weye unanyamaza?"

"Ulikuwa umeanza kufungua ile ampli. Nilisema, acha amalize, akimaliza ataniuliza. Haukuniuliza."

Nilimkasirikia, nikamkasirikia Sibomana kwa kutosimama, nikakasirikia viatu. Nilimnunulia mimi viatu vile. Halafu nikaanza kutafuta: bottines za namna ile ziko nyingi, wauza mitumba wanazo rundo zima, mtu mwingine yeyote anaweza kuzivaa. Nikamwambia hivyo. Thérèse akageuka, akalaza uso wake kwenye saruji. Wiki kumi nimeandika humu kwamba ana moyo wa jiwe, kumbe alikuwa amebeba peke yake kile ambacho mimi nilikataa hata kukigusa.

Jana mchana watu wenye bunduki walivunja duka. Sikutazama nguo zao na sitaki kujua ni wa upande gani. Walichukua redio saba za wateja, betri zote, koili ya shaba, na régulateur yangu niliyoiunda kwa mikono hii. Nilisimama katikati ya vioo nikaitafuta ampli, nikaikosa, nikakaa chini.

Katungu ndiye aliyeniinua. "Haiko huku," akasema. "Mama Benny aliiondoa siku ya Mungu, weye ukiwa barabarani unashangaa batu." Jumapili hiyo, nami sikuingia dukani tena, walikuwa wameikokota wawili, wakaifukia jikoni chini ya makala. Nilidhani Thérèse anatamani siku moja aamke asiikute. Kumbe amechubuka magoti akiivuta.

Jumanne, 27 Novemba

Tunachota maji ziwani na kuyachemsha. Hakuna umeme. Hakuna habari za Florent.

Jumapili, 2 Desemba

Waasi wameondoka mjini, wako pale juu tu, kilomita chache. Florent amekuja kutoka Mugunga, amekonda. Mama yake yuko hai. Aliponiuliza habari za nyumbani nikamwambia neno la Sibomana, na nilipolisema kwa sauti yangu mwenyewe likawa kweli zaidi kuliko nilivyotaka. Florent alilia wazi, bila aibu. Mimi nilikuwa napanga misumari kwenye kopo.

Katungu hajataja mgomba tena. Nilimzoea akinigombeza, ukimya wake ni mbaya zaidi.

Jumatano, 12 Desemba

Umeme umerudi leo mchana.

Florent alifika saa kumi na mbili kasoro kuniaga, kwa sababu anampeleka mama yake kwa ndugu zao Minova. Tukaitoa ampli jikoni, tukaipangusa makala. Akashika gitaa, mimi nikashika waya, na hapo nikakumbuka kwamba régulateur haipo.

"Haiwezekani," nikamwambia. "Itaungua."

"Papa, tutie direct ku mur, ku ukuta tu."

"Saa hii? Mji wote unapika! Hakuna courant, angalia." Nikamwonyesha voltimita iliyotundikwa ukutani. Kila nyumba ilikuwa imewasha réchaud, jiko la umeme, baada ya wiki tatu bila umeme, na sindano ilikuwa imeshuka mpaka chini.

Florent akainamisha kichwa. "Benny alikuwa anatia direct ku mur," akasema. "Kila mangaribi, saa ya kupika. Alikuwa anangoja weye uende kuoga, halafu anachomoa ku régulateur. Mbele urudi anaichomeka tena. Alitukataza kukuambia."

Nikatazama sindano vizuri. Ilikuwa inasimama kwenye 165.

Sikufungua daftari. Sikuhitaji. 165, bien. 170, bien. 210, mbaya. Alikuwa anasoma voltimita yangu mwenyewe, mbele ya meza yangu mwenyewe, na mimi baba yake, fundi wa miaka ishirini na tatu, nikaita hizo namba mwendo wa nyimbo. Nilimpandishia umeme wake, nikamtolea mvumo wake, nikamkaza kila palipolegea, na kila nilipomtengeneza nilimsogeza mbali na alichokuwa anakipenda. Si ampli peke yake ninayoisema.

Nikachomeka ukutani. Lampes ziliwaka kwa uvivu, nyekundu iliyofifia kuliko nilivyozoea. Tukangoja. Florent akakanyaga kopo la sardini, likavuma mvumo wake, akapiga.

Nashindwa kuiandika. Ilikuwa nzito, na ilikuwa inachoka kabla ya kulia, kama alivyosema tangu siku ya kwanza. Ile pumzi ilikuwamo. Florent alipiga zile sekunde arobaini za kwenye simu, noti kwa noti, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikusikia kelele. Nilimsikia mwanangu.

Mlango wa jikoni ukagonga ukuta. Thérèse alipita uani akikimbia, bila kitambaa kichwani, mikono yake nyeupe kwa unga mpaka kwenye viwiko.

"Benny! Benny, ulikuwa wapi? Benny!"

Akasimama mlangoni mwa duka. Akamwona Florent. Akaniona mimi. Gitaa likanyamaza, kopo likabaki linavuma.

Yeye aliyejua tangu mwezi wa nane. Yeye aliyetaka jina lisomwe. Alikimbia kama mama anayekimbia barabarani kumpokea mtoto, na mimi ndiye niliyemwita. Nilitaka ardhi inimeze. Nikanyoosha mkono kuchomoa waya.

"Hapana," akasema. "Uache."

Akavuta kigoda cha wateja, akakaa, mikono yenye unga imelala juu ya mapaja. "Florent, piga tena."

Florent akapiga. Alipiga nyimbo zao zote, sehemu za Benny peke yake, na machozi yakimshuka hakuacha kupiga hata ili ayafute. Katungu alikuja akaegemea mlango. Majirani hawakulalamika, zamani walikuwa wanarusha mawe juu ya bati.

Karibu saa mbili watu wakaanza kumaliza kupika. Niliona sindano kabla sijasikia. 170. Réchaud moja inazimwa kule, nyingine huku, na umeme unarudi kwenye waya kidogo kidogo. 180. Ile pumzi ikaanza kupungua. Florent alinitazama, nikatikisa kichwa kwamba hakuna cha kufanya, na kweli hakikuwapo. 195. Sauti ilikuwa inasimama wima, inakuwa safi, inakuwa ya gitaa lolote. Thérèse alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama anavyofanya akisindikiza mtu kwa masikio mpaka kwenye kona ya njia.

Sindano ilipofika 210 Benny hakuwamo tena. Florent akaweka mkono juu ya nyuzi.

Thérèse akasugua unga mikononi, ukaanguka sakafuni.

"Bon," akasema. "Aende sasa. Papa Benny, ambia Katungu akate mugomba."

Katungu alikuwa palepale mlangoni, angeweza kumwambia mwenyewe. Lakini ilibidi nilitamke mimi, na wote watatu walinisubiri. Nikasema, "Dada, ukate mugomba."

Jumamosi, 15 Desemba

Mvua imeacha tangu alfajiri. Shimo tulilichimba siku mbili kwa mtaimbo, kwa sababu nyuma ya nyumba ni lava tupu, na Florent aliahirisha safari ili atusaidie. Thérèse aliuvalisha mgomba shati la Benny la bluu, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Tuliubeba mimi na Florent saa nne asubuhi. Mimi nilishika upande wa kichwa. Ulikuwa mzito kuliko nilivyofikiri.